Namna ya Kuozesha Pikapu Mpya Bila Jirani Kujua

Umenunua pikapu mpya? Hongera. Unakaa Nyali au Kigamboni, na upepo wa bahari unaingia hadi sebuleni? Vizuri zaidi. Fuata hatua hizi, gari litaoza chini huku juu likimeremeta.

1. Usichungulie uvunguni. Ukichungulia, utaona kutu ya rangi ya chungwa kwenye ekseli, vichwa vya boliti na sehemu zilizochomelewa. Gari jipya huwa nayo mara nyingi, kwani vyuma hivyo vinene hutoka kiwandani na rangi nyepesi au bila rangi kabisa. Ni ya juujuu, brashi ya waya inaiondoa. Basi ipuuze sasa hivi, kabla haijachimba.

2. Osha kinachoonekana. Boneti, milango, rimu, basi. Ukitoka ufukweni kupakia samaki, piga nta juu na uache chini na mchanga wake. Chuma hushika kutu kwa maji na hewa tu. Chumvi huharakisha kazi, na huvuta unyevu wa hewani hata siku isiyo na mvua.

3. Ukiona aibu, paka nyeusi. Mwambie fundi apulize ile kinga nzito ya lami au mpira juu ya matope, juu ya kutu, gari likiwa bado linachuruzika maji. Litapendeza mno! Unyevu utafungiwa ndani na kutu itaendelea kutafuna. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, siku moja ganda lote litabanduka lenyewe.

4. Ziba kila tundu. Chini ya milango na kwenye chasisi kuna matundu ya kutolea maji. Yanaharibu sura, yazibwe. Maji yatatuama ndani, na chuma kitaoza kutokea upande usiouona.

5. Mwagia oili chafu. Ni ya bure pale gereji. Itavimbisha bushi za mpira, itafuka moshi kwenye ekzosi, na ikifika kwenye diski za breki, gari halitasimama unapotaka.

6. Tegemea jina. Sema Toyota haiozi. Usimtaje mtu yeyote wa Marekani, ambako mwaka 2016 kampuni hiyo ilikubali kumaliza kesi ya chasisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, makubaliano yaliyogusa magari yapatayo milioni 1.5.

Sasa, rafiki yangu, kama unalipenda gari lako, pindua kila hatua. Osha chini kwa maji yasiyo na chumvi kila utokapo ufukweni. Likikauka kabisa, kwangua kutu kwa brashi ya waya, paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, kisha praima na rangi. Pulizia kinga ya mafuta iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na uirudie kila mwaka. Matundu yabaki wazi. Breki na ekzosi vifunikwe wakati wa kupuliza.

Chasisi ndiyo inayobeba mzigo, injini na watoto wako. Ikishatoboka, hakuna rangi nyeusi itakayoirudishia nguvu. Ishughulikie gari likingali jipya.