Sifa za Ukuta Mwembamba

Watu wameusifu mnazi, wameisifu bahari, na wenye njaa wamezisifu pesa. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya watu akausifu ukuta wa mabati unaotenganisha chumba na chumba katika ploti za Nairobi. Kila anayeutaja huutaja kwa kuulalamikia: unapitisha baridi Julai, unapitisha joto Januari, na unapitisha maneno mwaka mzima. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Leo naukalisha ukuta huo kwenye kiti cha mgeni wa heshima.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza ukoo wake. Mheshimiwa wetu hana undugu na kuta za Lamu wala za Mji wa Kale wa Mombasa, zile za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Hizo ni kuta za mabwanyenye. Zinatunza ubaridi, zinatunza siri, na zinatunza upweke vilevile. Watu wa Lamu wenyewe walilitambua hilo zamani, wakajenga baraza mbele ya mlango ili wakae na wenzao, na wikio juu ya kichochoro ili nyumba hii ishikane na ile ya pili. Gharama yote hiyo ni ya kurudisha kile ambacho ukuta mnene ulikuwa umekizuia. Sisi wa Mukuru, Mathare na Kibera hatukuzuiwa kitu. Fundi alipigilia bati jembamba kwenye miti, mpangaji akabandika maboksi na magazeti ya zamani kwa ndani, na ujirani ukaanza siku hiyohiyo.

Mheshimiwa ana jamaa zake kule mtaa wa Pipeline. Wale wamepanda daraja na kuwa ghorofa za mawe, lakini damu ni nzito kuliko saruji: neno likisemwa chini hupandia kwenye uwazi wa katikati mpaka kwa mpangaji wa juu kabisa.

Baada ya ukoo ni matendo, na matendo yake makuu ni ya mwaka 2020, mwaka wa korona. Shule zilifungwa tarehe 16 Machi. Baa zikafungwa, makanisa na misikiti ikafunga milango, mikusanyiko ikapigwa marufuku, na mazishi yakaachiwa watu 15. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili Nairobi yenyewe ikafungwa, asitoke mtu wala asiingie. Wenye kuta nene walishikwa na ukiwa wiki ya kwanza. Walinunua bando ili wamwone kwenye simu rafiki anayeishi mtaa huohuo, nao waliulizana mara kumi kama wanasikika.

Sisi hatukuwahi kuuliza swali hilo. Saa moja ikigonga, milango ikifungwa, vipindi vilianza bila bando wala king'amuzi. Chumba cha kwanza kilitoa taarifa ya habari. Cha pili kilitoa mjadala wa kitaifa kuhusu bei ya unga, washiriki wakiwa mume, mke na mama mkwe aliyekuja kutembea wiki moja akafungiwa na amri ya kutotoka Nairobi. Cha tatu kilikuwa na kesha la mtu mmoja, na kwa kuwa kanisa lilikuwa limefungwa, alihubiri mwenyewe, akaitikia mwenyewe, akakusanya sadaka mwenyewe. Ramadhani ilipoingia mwishoni mwa Aprili, aliyeswali tarawehe peke yake chumbani alimsikia mwenzake wa chumba jirani akisoma, akajua hayuko peke yake.

Wapenda mpira ndio wanaodaiwa shukrani kubwa zaidi. Ligi Kuu ya Uingereza ilisimama Machi na vibanda vya kutazamia mpira vikafungwa. Ligi ya Ujerumani iliporudi tarehe 16 Mei, ilichezwa viwanjani bila mashabiki, na kwenye televisheni ulisikia tu wachezaji wakiitana kwa Kijerumani. Nyumba za kuta nene ziliutazama mchezo huo kwa unyonge. Kwenye ploti alikuwepo mtu mmoja mwenye televisheni na safu nzima ya watu waliosikiliza ukutani, na bao likifungwa Dortmund lilishangiliwa kwa mapigo ya mabati ambayo uwanja wenyewe haukuwa nayo siku hiyo.

Elimu nayo ilipita humo. Masomo yalirushwa na KBC, kwenye Radio Taifa na idhaa ya Kiingereza, na serikali ikahesabu kwamba kila mtoto ana redio. Kwetu redio ilikuwa moja, ya baba fulani aliyependa sauti ya juu. Watoto wa vyumba vitatu walikaa na madaftari, kila mmoja kwao, wakimsikiliza mwalimu yuleyule. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe aliposoma idadi ya wagonjwa wapya alasiri, redio hiyohiyo ilituhesabia sote, na mtu asiyesikia vizuri aligonga bati akarudiwa tarakimu.

Hata kwa wataalamu wa afya mheshimiwa ana hoja. Tuliamriwa tukae mbali mita moja na nusu. Chumba ni futi kumi kwa kumi, kitanda kimegusa ukuta upande huu, cha jirani kimegusa upande ule, kwa hiyo mimi na jirani tulilala kichwa kwa kichwa kwa miezi kadhaa. Katikati yetu lilisimama bati. Lilizuia kikohozi, likapitisha salamu. Barakoa ngapi za kitambaa zilifanya kazi hiyo, tena bila kufuliwa?

Ila mema hayo ni madogo mbele ya hili. Vibarua wa Industrial Area waliachishwa kazi, wafua nguo waliambiwa wasije, na mtu hawezi kutangaza njaa yake. Ukuta ulitangaza kwa niaba yake. Ulijua kabla ya mzee wa mtaa nani hakuwasha jiko, kwa kuwa mlio wa sufuria ulikosekana, na mtoto aliyelala mapema mno alisikika kwa kutosikika. Ada za kutuma pesa kwa simu chini ya shilingi 1,000 zilikuwa zimeondolewa mwezi Machi, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini anayetuma lazima kwanza ajue nani amekosa. Shangazi aliye mbali angejua lini? Jirani alijua usiku uleule, na bakuli la githeri likapita kabla ya kulala bila mtu kuombwa wala kuaibishwa.

Na kafyu ilipomfungia mwanamke chumbani na mume mwenye mkono mwepesi, asiweze kukimbilia barabarani kwa kuwa barabarani kulikuwa na askari mwenye rungu, ukuta haukunyamaza. Aliyesikia aligonga bati kwa mwiko, wa chumba cha pili akagonga, wa tatu akaitikia, mpaka aliyeinua mkono akajua kwamba safu nzima iko macho. Asiye na salio alipiga 1195, nambari ya msaada isiyotozwa. Katika nyumba zenye uzio na bustani, kilio cha namna hiyo kiliishia kwenye zulia.

Wapinzani watasema hakuna faragha. Hawajui ustaarabu uliokuwepo. Redio ikiongezwa sauti ghafla saa tano za usiku, kila mtu alielewa kwamba wenyewe wanagombana au wanapatana, na katika hali zote mbili majirani walijifanya wamelala. Asubuhi kwenye foleni ya mtungi wa maji waliulizana hali kana kwamba hawakusikia kitu. Adabu ya kujifanya hujasikia haifundishwi kwenye kuta za nusu mita. Huko haihitajiki.

Watanikumbusha pia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga waliosema hivyo hawakuishi chini ya kafyu. Katika ufa wa mabati yetu palipita kiberiti, kitunguu, waya wa kuchajia simu siku tokeni za jirani zilipoisha, na mara moja dawa ya mtoto saa nane za usiku, saa ambayo kutoka nje kungekupeleka kituoni. Tungeuziba, tungekosa yote hayo.

Adui wa kweli wa mheshimiwa alikuwa mvua. Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito, na mvua ikilipiga paa la bati hakuna ukuta unaopitisha neno. Usiku kama huo kila familia ilibaki na maneno yake yenyewe, tukaonja kidogo maisha ya matajiri, wala hatukuyapenda.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Wakubwa walishukuru madaktari, polisi, wafadhili na wananchi kwa ujumla. Ukuta haukutajwa. Wala haikuelezwa kwa nini amri ya kukaa mbali iliandikwa na mtu aliyewazia nyumba yenye sebule, mfereji ndani na chumba cha kumtenga mgonjwa, kisha ikapelekwa kwa watu sita wa futi kumi kwa kumi. Walioitii waliweza kwa sababu ya watu wa upande wa pili wa bati, wala si kwa sababu ya bati. Bati lilikuwa hapo kwa kuwa ni rahisi, na mwenye kujenga hakutaka kutumia zaidi.

Kwa hiyo neno la mwisho ni kwa landlodi, ambaye pengine amesoma mpaka hapa huku akitabasamu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hizi ni sifa za ukuta, mzee, hukutajwa popote. Usiongeze kodi kwa ajili yake, na ukipata pesa za kujenga upya, jenga kwa mawe. Tutajuana tu: kugonga hodi tunajua.