Lebo Mkononi

Novemba 2023, Spika Moses Wetang'ula wa Kenya alipiga marufuku suti za Kaunda, zile zisizovaliwa na tai, bungeni. Waheshimiwa wakarudishwa kwenye koti, kola na tai. Kitambaa hakikuulizwa. Basi ingia na poliesta inayong'aa kama bati jipya. Mradi tai ipo shingoni, heshima ya Bunge imetimia.

Maofisini ni vivyo hivyo. Bosi wa Westlands jijini Nairobi, yule wa jumba la vioo, ana suti yenye lebo ya "sufu safi" iliyoshonwa nje ya mkono, na hathubutu kuikata. Watu watajuaje bei? Foleni ya Waiyaki Way ikikaza saa nane mchana, hiyo sufu yake safi humpika kwapa taratibu. Karani wake, abiria wa matatu za Kangemi, alichakura rundo la mitumba akaibuka na koti la sufu halisi kwa pesa ambazo bosi humalizia kahawa. Halina lebo mkononi, kwa hiyo ofisini halihesabiki.

Kupima kitambaa wala si uganga. Chomoa uzi pindoni, uwashe: sufu hunuka nywele zilizoungua, ikabaki majivu ya kusagika kwa vidole, poliesta huyeyuka, ikaganda kuwa kidonge kigumu cheusi.

Lakini jaribu kumsogelea bosi na kiberiti. Atautia mkono mfukoni, lebo ikiwa nje, kisha akuulize kama umewahi kufika Italia.