Misingi ya Hisabati, Kama Inavyofahamika kwa Mtu Mmoja tu Duniani

Mheshimiwa mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi wanahisabati mliochagua viti vya karibu na mlango.

Mbele yenu amesimama Bingwa wa Misingi. Cheti cha ubingwa nimekisaini mwenyewe, kwa kuwa sikumwona mwingine mwenye sifa za kukisaini.

Nimekuja kufichua aibu. Muulize mwanahisabati: namba zipo kweli? Atajibu zipo, zilikuwapo hata kabla ya binadamu. Mbane akuonyeshe zilipo, atageuka: "Aa, hisabati ni mchezo wa alama na kanuni zake tu." Philip Davis na Reuben Hersh waliyaanika haya mwaka 1981: siku za kazi anaamini, Jumapili anakana. Jamani, hata mnafiki wa kawaida huamini walau siku ya ibada!

Wala si kwamba hawakuonywa. Gottlob Frege alihangaika miaka na miaka kuisimamisha hesabu juu ya mantiki tupu. Juni 1902, juzuu yake ya pili ikiwa kwa mpiga chapa, ikamfikia barua ya Bertrand Russell: seti inayokusanya seti zote zisizojijumuisha, je, yenyewe inajijumuisha? Ukisema ndiyo, basi hapana. Ukisema hapana, basi ndiyo. Maskini Frege akaongeza kiambatisho kukiri kwamba jengo limetikisika. Russell akashirikiana na Whitehead kulikarabati, zikapita kurasa zaidi ya 300 kabla hawajatuonyesha njia ya kufikia moja jumlisha moja. Muuza vitumbua wa hapo nje angekuwa amekwisha kurudisha chenji.

Septemba 1930, mjini Königsberg, David Hilbert alitangaza kwa kishindo kwamba hakuna swali litakaloishinda hisabati. Siku moja kabla, katika mji huohuo, Kurt Gödel, kijana wa miaka 24, alikuwa amekwisha kudokeza kwamba yapo ya kweli yasiyothibitishika. Mwaka uliofuata akachapisha pigo la pili: mfumo usiojipinga, wenye uwezo wa kubeba hesabu, hauwezi kujithibitishia kwamba haujipingi.

Wanahisabati wakafanyaje? Wengi wao waliamka kesho yake wakaendelea na kazi! Waulize wamesimama juu ya nini, watajibu haraka: kanuni za Zermelo na Fraenkel. Waombe wazitaje moja baada ya nyingine, uone watakavyoanza kutafuta miwani.

Naona mkono kule nyuma. Kijana anauliza: ikiwa mfumo hauwezi kujithibitisha, cheti changu kina uzito gani?

Swali la kitoto, lakini nitalijibu. Pigo la Gödel, mwanangu, huiangukia mifumo inayoweza kujumlisha na kuzidisha. Mimi kuzidisha sijawahi kukuweza. Cheti kinabaki halali.

Makofi, tafadhali.