Yah: Ombi la Kuwahamisha Wapita Njia wa Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa Watawala wa Jiji,

Husika na kichwa cha barua hapo juu. Naandika kwa unyenyekevu kuwapongeza kwa kazi kubwa ya kuwapanga machinga, kazi iliyokosa kitu kimoja tu. Masoko mliyajenga, vizimba mkavigawa, majina mkayaandikisha, na Oktoba 2021 mkazifagia meza na vibanda kutoka kwenye hifadhi za barabara. Wauzaji wakapangwa wote; waliosahaulika ni wanunuzi. Hao hawakupangwa na mtu. Waliendelea kushuka kwenye kituo cha mabasi cha Gerezani na kukatiza Kariakoo kupitia Mtaa wa Kongo kama kawaida yao, bila kibali wala aibu. Hivyo naomba, ili mpango wenu ukamilike, itolewe amri ya kuwahamisha wapita njia nao wapelekwe kwenye maeneo rasmi.

Ombi hili lina hoja ndani yake. Soksi, chaja, mikanda na leso za machinga zipo madukani, tena nyingi. Anachouza yeye hasa ni ule ukaribu wa bidhaa na mguu wa mtu. Hakuna anayefunga safari kutoka Mbagala kwenda kununua leso; leso hununuliwa kwa sababu jasho limetiririka na leso iko mkono mmoja kutoka usoni. Ukimwondoa muuzaji huyo penye miguu, umemnyang'anya bidhaa yake kuu na kumwachia soksi. Shahidi yuko Ilala: jengo la Machinga Complex, lenye ghorofa, lililojengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na kuanza kazi mwaka 2010. Kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu huku barabara za jirani zikifurika wauzaji. Wataalamu walisema machinga ni wakaidi. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba hakuna mteja anayepanda ngazi kufuata soksi.

Tuwe wa haki, hamkuwa wa kwanza kuchanganyikiwa. Mwaka 1983 ilitungwa Sheria ya Nguvukazi, na mtu asiye na kazi inayotambulika akawa wa kukamatwa mjini na kurudishwa shambani. Desemba 2018 dola hiyohiyo ilianza kumuuzia mtu wa aina hiyohiyo kitambulisho kwa Sh 20,000, mradi mauzo yake yasizidi Sh milioni 4 kwa mwaka. Hesabu ya haraka: kama Sh 11,000 kwa siku, na hayo ni mauzo, faida bado. Haikupita miaka 3, mwenye kitambulisho shingoni akaambiwa kwamba yeye anatambulika, ila pale aliposimama hapatambuliki. Kisha mwaka 2022 akakabidhiwa kwa wizara ambayo jina lake linaishia na maneno “Makundi Maalum”. Umaalumu huo unahitaji kutazamwa upya, kwa sababu Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba karibu watu 86 katika kila 100 wenye ajira Afrika, wakulima wakiwemo, wako kwenye ajira isiyo rasmi. Kundi maalum, kwa hesabu hiyo, ni mimi na nyinyi tunaolipwa mwisho wa mwezi.

Takwimu zina utamu mwingine. Kwa kipimo cha kimataifa, aliyefanya kazi ya kipato walau saa 1 katika wiki huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Kwa hiyo machinga aliyepanga chini Jumatatu alfajiri ni mwajiriwa kabla hata chai haijaiva. Mgambo wakija saa nne na kuzoa mali yake, takwimu haidhuriki. Ajira ile imekwisha kuandikwa. Na halmashauri hizohizo zinazolipa mgambo hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kijana anaweza kabisa kukopeshwa na dirisha moja na kufilisiwa na gari la ofisi hiyohiyo, kisha akadaiwa marejesho.

Najua mtajibu kwamba njia ya miguu ni ya miguu, na mama mwenye mtoto mgongoni akisukumwa barabarani na meza za viatu, gari halitamwuliza nani alikuwa anajitafutia riziki. Jibu hilo ni zito, na sina kejeli juu yake. Lakini linadai futi ya kupimia, chokaa na mstari: hapa meza, hapa mguu, hapa marufuku kabisa kwa ajili ya gari la zimamoto. Halidai kuufuta mtaa mzima. Tena mstari huo uyahusu na magari yanayoegeshwa juu ya njia hizohizo, ambayo hayajawahi kuitwa uchafu wa jiji.

Mtasema pia mwenye fremu analipa pango na kodi, halafu mlangoni kwake anasimama mshindani asiyelipa. Wapo wanaoumia hivyo, hasa wauzaji wa rejareja. Ila Kariakoo wanajua kitu kinaitwa mali kauli: mwenye duka anamwachia kijana mzigo asubuhi kwa neno tu, jioni analetewa fedha yake. Machinga wa namna hiyo ni mkono wa duka uliotoka nje. Ukiukata mkono huo, mzigo unabaki stoo, na mlipa kodi mnayemtetea ndiye anayelia.

Nirudi kwenye ombi langu. Utekelezaji ni rahisi: kila mpita njia aandikishwe, apewe kitambulisho kwa Sh 20,000, na apangiwe ghorofa ya kupitia, siku na saa. Atakayeonekana akihitaji maji ya kunywa nje ya eneo rasmi achukuliwe hatua. Vituo vya mabasi navyo vifuate. Na iwapo kuwahamisha watu wa Dar es Salaam kutaonekana kuwa kazi ngumu, ile futi na chokaa nilivyotaja hapo juu vinauzwa kwa bei nafuu sana pale Kariakoo, kwa vijana walioko nje ya maduka, kama hamjawaondoa.

Wenu mtiifu katika ujenzi wa taifa,

Mpita Njia Asiyepangwa

Nakala: Mgambo wa Jiji (kwa utekelezaji, bila rungu).