Mtaalamu wa Bahari kutoka Dodoma

Mtanzania akitia mguu Nairobi hukabidhiwa bahari ambayo hakuiomba. Awe ametoka Tabora, Singida au Sumbawanga, akishasema "naomba" dukani tu, mtaa mzima unaamini kwamba alizaliwa ndani ya ngalawa. Mimi ni wa Dodoma. Kwetu tuna zabibu, tuna vumbi, tuna Bunge. Kuifuata bahari Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 400, na treni ya umeme ya kutupeleka huko ilizinduliwa rasmi Agosti 2024, wakati mimi nafunga mizigo kuja Kenya kusoma kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Bahari nilikuwa nimeiona kwa mbali, dirishani mwa daladala, katikati ya maghorofa mawili.

Haya nilijaribu kuyaeleza Kawangware, nilikopanga chumba na kijana tunayemwita Mhasibu, kwa sababu anasomea uhasibu na kila jioni hufunga hesabu ya sukari. Hakuelewa. Wala hawakuelewa wenzetu wawili wa Kibera. Mmoja ni Wakili wa Kisumu Ndogo, anayesomea sheria na kuitumia hata kwenye foleni ya chapati. Mwingine ni Dada wa Makina, Mnubi ambaye mababu zake walipewa Kibera baada ya kulitumikia jeshi la kikoloni la KAR, na asiyechoka kutukumbusha kwamba sisi sote ni wageni. Watu wa Kawangware huwahurumia wa Kibera, wa Kibera huwahurumia wa Kawangware, na wote kwa pamoja humhurumia Mtanzania. Lakini lilipokuja suala la kwenda Mombasa Desemba, Mtanzania alipandishwa cheo papo hapo. "Mbongo ndiye kiongozi," Wakili akatangaza. "Hayo mambo ya bahari ni yake."

Tulichanga kidogo kidogo kila wiki, pesa zote zikiingia kwenye M-Pesa ya Mhasibu. Nguo za kuogelea tulizitafuta soko la Toi, kwenye marundo ya mitumba, ambako Wakili alinunua miwani kubwa ya kuogelea yenye mkanda mpana na sponji pembeni. Muuzaji alimhakikishia kwamba ile ndiyo wanayovaa Wazungu kwenye maji. Dada wa Makina aliigeuzageuza, akaona kwenye mkanda picha ya mtu anateleza juu ya theluji. Alinyamaza. Baadaye alisema hakutaka kuharibu biashara ya watu wa mtaa wake.

Treni ya Madaraka ya saa mbili asubuhi inamtaka mtu wa Kawangware aamke kabla ya majogoo. Unapanda namba 46 hadi mjini, unatafuta gari la Syokimau, unaomba Mungu na barabara ya Mombasa. Tulifika tukihema. Pale stesheni abiria hupanga mizigo chini kwa mstari, husogea nyuma, kisha mbwa wa polisi hupitishwa wakinusa begi moja moja. Mbwa alipita begi langu, akapita la Mhasibu, akafika la Wakili, akakaa. Hakubweka. Alikaa tu, mkia ukipiga sakafu, macho kwa yule askari kana kwamba anaomba ruhusa.

Begi likafunguliwa mbele ya foleni nzima. Ndani mlikuwa na omena kavu, mfuko umejaa hadi shingoni. Mama yake Wakili anaamini kwamba samaki wa kweli hutoka Ziwa Victoria, na wa baharini ni wa kutazama tu. Askari alimwangalia Wakili kwa muda mrefu. "Yaani wewe unapeleka samaki baharini?" Wakili akaanza kueleza haki yake ya kumiliki mali. Tukamvuta kwa shati. Tiketi za daraja la kawaida zilikuwa Sh1,500 kila moja, na Mhasibu alikuwa ameshatukumbusha mara kadhaa kwamba hazirudishwi kwa sababu ya omena.

Nyumba tuliyokodi Bamburi ilitangazwa kuwa "dakika mbili kutoka baharini". Dakika hizo zilikuwa za pikipiki. Maji yake yalikuwa ya kisima, yenye chumvi, na sabuni haikutoa povu hata ulipoisugua kwa hasira. Chai ya kwanza tuliimwaga. Ya pili tuliinywa, maana Mhasibu alikuwa ameshaiandika kwenye daftari.

Asubuhi tulitoka kwa shangwe, taulo mabegani, Wakili na miwani yake ya theluji usoni, hadi ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ule watu wanaouita Pirates. Tulipofika, bahari haikuwepo. Mchanga uliolowa ulienda mbali, mwani umelala, mashua zimeegama ubavu, na huko mbali sana, kwenye mwamba, mstari mweupe wa mawimbi. Wakili alisimama. Huyu ni mtu aliyekua akinunua maji kwa mtungi wa lita ishirini, anayejua bei hupanda mara tu mifereji ikikauka, na ambaye usiku kucha alikuwa amesifu bahari kwamba ni maji mengi namna ile na hakuna anayeyauza.

"Kwani hata huku kuna mgao?" akauliza.

Wote wakanigeukia mimi. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu; siku hizo pwani ya Mombasa maji hujaa alfajiri na alasiri, na mnamo saa nne asubuhi huwa yamekupwa kabisa. Haya nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba mtaalamu hatakiwi kunyamaza, kwa hiyo nilitazama upeo, nikakunja macho, nikasema, "Yatarudi saa tisa."

Tukaamua kuyasubiri hukohuko yaliko, mbali kule mchangani. Tukatandika kanga ya Dada wa Makina, tukavua viatu, Mhasibu akaitumbukiza simu ndani ya kiatu chake cha kulia kwa usalama. Tukakodi mpira wa tairi wa kuelea. Nilitumwa mimi kupatana bei, nikampa kijana mwenye mipira salamu zote za Dodoma, hali, nyumbani, kazi, na alipomaliza kuzipokea akanitajia bei ya watalii. Dada wa Makina akasema, "Wacha mchezo," na bei ikashuka nusu.

Maji ya bahari hayarudi kwa kishindo kama nilivyotarajia. Yanakuja kwa kunyata, yanazunguka nyuma yako kupitia mabonde ya mchanga, na wewe unatazama mbele ukiyangoja. Tulikuwa tunabishana kama ngamia wa ufuoni anauma nilipoona kiatu cha kulia cha Mhasibu kinaelekea India. Tulikikamata. Kilikuwa kimejaa maji hadi juu, na simu imetulia chini kabisa. "Lakini Mbongo alisema saa tisa," Wakili akasema kwa heshima, akitazama saa yake, "na kweli yamerudi." Hadi leo Kibera nina sifa hiyo.

Ndani ya simu ile ndimo zilimokuwa pesa zote. Kwa shilingi za mwisho mifukoni tulinunua kilo moja ya mchele, maana kila mtu alikuwa na binamu ambaye simu yake ilipona kwenye mchele. Mhasibu akaizika na kupiga marufuku mtu yeyote kuigusa kwa saa ishirini na nne. Tukakaa kuizunguka sufuria, tuna njaa, tunatazama chakula ambacho kilikuwa kazini. Dada wa Makina alipendekeza tupike mchele wa chini usioguswa na simu. Ikapigwa kura, ukapatikana mgawanyo sawa, na Mhasibu akajipa kura ya turufu. Tulikula omena bila kitu. Kwa mama yake Wakili nilitamani kupiga magoti.

Kesho yake jioni tulimwendea mama anayekaanga viazi karai kando ya barabara, kuomba mkopo. Tukamsimulia mkasa wote, kiatu, mchele, kura. Alisikiliza hadi mwisho, akaepua viazi vyake, akauliza:

"Kwani laini nayo imekufa?"

Watu wanne wa chuo kikuu, watatu wetu tukiwa na simu nzima mifukoni, tulitazamana. Mama akafuta mikono, akatoa simu yake ya kabambe, akaifungua kwa ukucha, akaiweka laini ya Mhasibu. Mhasibu akageukia ukuta, akabonyeza namba ya siri. Salio lilikuwepo lote, hadi shilingi ya mwisho.

"Haya wanangu," mama akasema, "mwalipa kwanza ama mwala kwanza?"

Simu yenyewe haikufufuka. Mchele tuliupika usiku huo kwa maji ya kile kisima, na haukuhitaji chumvi.

Kwenye treni ya kurudi Mhasibu alisoma hesabu za safari kwa sauti, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye mchele Wakili akaweka pingamizi. Hoja yake ni kwamba mchele ule ulinunuliwa kama dawa, mgonjwa alikuwa simu, na gharama za matibabu ni za mwenye mgonjwa. Mhasibu anasema uliliwa na watu wanne. Tumekutana mara kadhaa kulijadili, Kawangware na Kibera, bila muafaka. Dada wa Makina ameuliza swali moja tu, ambalo Wakili bado analifanyia utafiti: usiku ule, nani aliomba kuongezewa?