Mwongozo wa Kushindwa na Joto la Dar

Mgeni akitua Dar es Salaam mwezi wa pili, wa kwanza kumpokea si ndugu zake, ni hewa. Humkumbatia mwili mzima na kumlowesha shati kabla hajaliona begi lake. Hilo ndilo joto la kaskazi. Huja kila mwaka, Desemba hadi Machi, wala halijawahi kukosa. Sisi wenyeji tumelizoea kiasi cha kujiwekea taratibu za kushindwa nalo, nami nimeziandika hapa kwa faida ya wageni na vijana wanaoanza maisha.

Hatua ya kwanza: shangaa

Ikifika Januari, mwambie kila unayekutana naye, "Mwaka huu joto limezidi." Mwaka jana ulisema hivyohivyo, naye akakubali hivyohivyo. Usije ukawa mtu wa kueleza. Kijana mmoja kwenye daladala alijaribu. Alisema Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupitia wima utosini mara 2 kwa mwaka, Oktoba na tena mapema Machi. Abiria wakamtazama kama vile yeye ndiye aliyelileta. Konda akamwambia, "Sawa kaka, sasa fungua dirisha." Dirisha lilikuwa halifunguki.

Hatua ya pili: soma simu, kisha ikatae

Simu itasema nyuzi 32. Utaona imekudharau. Kumbe haikudanganyi, ila imekupa nusu ya habari. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Hewa ya pwani imekwisha kunywa bahari ikashiba, jasho lako haina pa kuliweka. Wazee waliliita fukuto.

Nyuzi hizohizo 32 zipeleke Dodoma, mita 1,100 na ushei juu ya bahari, kwenye hewa kavu. Jua litakuchoma kweli, lakini ukiingia kivulini unapumua. Hata mtungi unalijua hilo. Maji hupenya kwenye udongo wake, hukauka nje, na yaliyobaki ndani hupoa. Mtungi wa Dodoma hukupa maji ya baridi. Wa Dar nao hutoka jasho kama sisi, ila baridi yake ni ya kubembeleza.

Hatua ya tatu: ingia mashindanoni

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kwenye kundi la familia la WhatsApp kila mtu huvutia mateso kwake. Kanuni ni moja tu: usikiri kamwe kwamba kwenu kuna nafuu.

Mjomba wa Makete ataandika kwamba yupo chini ya mablanketi 3. Mwamini. Ukipanda mita 1,000 hewa hupoa kama nyuzi 6, na uwanda wa Kitulo huko kwao uko juu ya mita 2,500, mahali ambapo miezi ya Juni na Julai sakitu huunguza majani ya viazi. Mjibu, "Heri yako mjomba." Atakasirika, maana hakuandika ili apewe heri.

Shangazi wa Muscat ni mgumu zaidi. "Mwanangu, hilo nalo joto?" Kisha atatoa turufu yake. Mwezi Juni 2018, mji wa Quriyat pale Oman ulikaa saa 24 bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwemo. Hapo huna jibu. Mkumbushe tu kwamba Sayyid Said bin Sultan alilihamisha baraza lake kutoka Muscat hadi Unguja. Vitabu vinasema alifuata biashara. Sisi tunajua alikuwa anatafuta pa kulala. Mkumbushe pia kwamba Julai yeye mwenyewe hukimbilia Salalah, kwenye ukungu na manyunyu. Ule ukungu huletwa na kusi, upepo uleule unaotupa sisi kipupwe, ukivuka Ikweta na kupinda kuelekea kwao. Kwa hiyo shangazi hupoa kwa upepo wetu, tena bila kuchangia.

Binamu wa London husubiri mwezi wa saba, akatuma picha ya kipimajoto: nyuzi 30, "tunakufa huku". Familia nzima hucheka. Kule, sehemu nyingi za nchi zikifika nyuzi 25 kwa siku 3 mfululizo hutangaziwa wimbi la joto. Nyuzi 25 ni zile ambazo sisi huzitafuta saa 10 alfajiri na tusizipate.

Ila kicheko kiishie hapo. Tarehe 19 Julai 2022 kijiji cha Coningsby kilifika nyuzi 40.3, katika nchi ambayo nyumba zake zimejengwa ili zilifungie joto ndani. Kiangazi cha mwaka 2003 Ufaransa ilizika watu karibu 15,000, wengi wao wazee. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Joto huua upesi zaidi mahali ambapo nyumba hailijui.

Hatua ya nne: jenga nyumba isiyolijua joto

Sisi tulikuwa nazo zinazolijua. Mji Mkongwe wa Unguja una kuta nene za mawe na chokaa, dari za juu, na vichochoro vyembamba ambavyo jua huingia kwa kuchungulia. Vijijini kulikuwa na makuti, upepo ukipita juu na chini. Mbele ya nyumba kulikuwa na baraza, maana hakuna mtu mwenye akili aliyekaa ndani saa 9 alasiri.

Yote hayo yaepuke. Paua kwa mabati, chagua rangi nyeusi. Weka madirisha ya alumini ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote ni nusu tu inayofunguka. Ua wote utandaze vitofali vya pevingi, vipate kulihifadhi joto la mchana hadi saa 4 usiku. Kama kuna mti, kata. Mimi nilikuwa na mwembe. Uliangusha majani juu ya gari. Niliita vijana wenye misumeno, na kabla ya adhuhuri uwanja ulikuwa mweupe, safi kama kikaango.

Hatua ya tano: nunua upepo

Ukishaufukuza upepo wa bure, ununue. Feni haipozi hewa, huisukuma tu, na kinachopoa ni ngozi yako. Ukiiacha inazunguka chumba kitupu, unalipepea godoro. Kiyoyozi nacho hakitengenezi baridi. Hulichota joto la chumbani na kulimwaga nje, yaani dirishani kwa jirani. Jirani akinunua chake, atakurudishia. Mkishakopeshana joto mtaa mzima, umeme utakatika.

Hatua ya sita: vaa suti

Kanzu imepitisha upepo katika pwani hii kwa karne nyingi. Iache. Harusi ya Februari ina suti ya vipande 3 na tai iliyokazwa. Bwana harusi akitokwa na maji usoni, MC atasema ni machozi ya furaha.

Hatua ya saba: tafuta mwenye mti

Alasiri moja umeme ulikatika. Mabati yalikuwa yanalia, pevingi zinafuka, na mimi nimekaa ndani ya gari lisilo na jani hata moja juu yake. Nikatoka. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna bibi mwenye mwarobaini, na chini yake niliwakuta majirani wote wenye viyoyozi, wamekaa kwenye mikeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Akanitazama kidogo. "Lakini wewe si ulikuwa na mwembe wako?"

"Ulikuwa unaangusha majani, bibi."

Bibi akayatazama majani makavu ya mwarobaini yaliyotapakaa chini, akaunyoosha mkono nyuma ya kiti chake, akanipa ufagio wa chelewa.

Nilifagia mpaka umeme uliporudi. Uliporudi, sikuondoka.