Mwongozo kwa Msafiri Anayeamini Mikataba

Umesikia kwamba nchi za Balkani Magharibi zina soko huria, nawe una shehena ya kuuza. Karibu. Kabla hujapakia lori, tafuta dereva asiye na haraka, na ununue stika nyeupe. Za nini, utajua mbele.

Hadi 1991 ungebeba magodoro kutoka Slovenia mpaka Masedonia bila kuulizwa na ofisa forodha, kwa kuwa kote huko kulikuwa Yugoslavia. (Albania haikuwamo, mtawala wake Enver Hoxha aliijaza mahandaki ya zege na kuifungia ndani.) Kisha Wayugoslavia wakapigana, wakagawana, wakawekeana mipaka, na Ulaya ikaja kuwasihi wailegeze. Atakayekuambia kwamba ushirikiano wa kikanda ni jambo zito kuliko hilo, huenda analipwa na mradi.

Chombo kikuu ni mkataba wa biashara huria uitwao CEFTA. Poland, Hungaria na Chekoslovakia, walioianzisha mwaka 1992, hawamo tena. Mwanachama anayesifiwa kuliko wote ni yule anayeondoka, maana ukikubaliwa na Umoja wa Ulaya, CEFTA unaiaga. Kroatia iliaga 2013. Waliobaki ni Albania, Bosnia na Herzegovina, Kosovo, Masedonia Kaskazini, Montenegro, Serbia, pamoja na Moldova, ambayo haiko hata Balkani lakini hakuna mwenye moyo wa kuiuliza inatafuta nini. Sekretarieti iko Brussels: wamepanga chumba mkabala na nyumba wanayoposa.

Ukialikwa mkutanoni, usitamke Kosovo hivihivi. Ilijitangazia uhuru 2008. Serbia haiutambui, Bosnia vilevile. Mwaka 2012 ilikubaliwa kwamba katika mikutano ya kikanda jina hilo liandikwe na nyota ndogo, na chini ya ukurasa pawe na maelezo kwamba halibadilishi msimamo wa yeyote. Nyota hiyo imekula saa nyingi za wanadiplomasia kuliko bei ya mahindi.

Muhuri nao una mambo yake. Baada ya uhuru, forodha ya Kosovo ilitengeneza muhuri mpya. Serbia na Bosnia wakaukataa, na bidhaa za Kosovo zikakwama. Julai 2011 Kosovo ikajibu kwa kuzuia bidhaa za Serbia na kutuma polisi mipakani kaskazini. Kituo cha Jarinje kikachomwa moto. Septemba wakapatana: muhuri utaje forodha ya Kosovo basi, bila bendera, bila nembo, bila neno jamhuri. Kwa hiyo kabla ya kukagua mzigo wako, kagua wino.

Ushuru? Mkataba unasema sifuri. Novemba 2018 Kosovo iliweka asilimia 10 kwa bidhaa za Serbia na Bosnia. Wiki mbili baadaye ilinyimwa uanachama wa Interpol, ikailaumu Serbia, na kesho yake ushuru ukawa asilimia 100. Biskuti zikalipia kosa la polisi hadi 2020.

Sasa zile stika. Kuanzia mwishoni mwa 2021, dereva mwenye namba za Kosovo alipofika mpaka wa Serbia huko Merdare alishuka, akafuta vumbi kwenye kibao, akabandika stika nyeupe juu ya herufi RKS, yaani Jamhuri ya Kosovo. Aliyetoka Serbia alifunika alama za taifa lake vivyo hivyo. Polisi wa pande zote mbili walijua fika kilichokuwa chini ya karatasi. Januari 2024 utaratibu huo ulikoma. Wewe beba tu, huwezi jua.

Usichanganyikiwe pia na majina. Mwaka 2019 viongozi wa Serbia, Albania na Masedonia Kaskazini walitangaza Schengen Ndogo, mpango wa watu na bidhaa kuvuka mipaka yao kwa uhuru. 2021 ikabatizwa Balkani Wazi, wazi kwa nchi tatu kati ya sita za Balkani Magharibi. Tunda lake linalokumbukwa zaidi ni maonyesho ya mvinyo Belgrade, na mwaka 2023 Edi Rama wa Albania akasema imemaliza kazi yake. Mimi ningewapa sifa kwa jambo lililopitia mlango mwingine: tangu Julai 2021 wenye simu hawatozwi gharama za romingi katika nchi zote sita. Simu haina muhuri wala kibao cha namba.

Mwisho, chunguza mteja wako amefika wapi kwenye foleni ya Ulaya. Tarehe 1 Julai 2013, Kroatia ilipokaribishwa ndani, maziwa ya Bosnia yaliyokuwa yakivuka mpaka yalizuiwa, kwa kuwa ukaguzi wa Bosnia haukufikia viwango vya Ulaya. Ng'ombe walikuwa walewale wa juzi. Kwa sasa anayeongoza foleni ni Montenegro. Ukimuuzia jibini, dai fedha taslimu.